Gitaa, Kinanda na Ukuta Katikati

Damari binti Eliezeri alikuwa jirani yangu pale Ilomba, Mbeya. Kati ya nyumba yake na baraza langu palikuwa na ua wa matete na hatua kama ishirini. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa ukiniudhi, nasema kweli. Mimi nimezaliwa Mlandege, Iringa, katika nyumba ya watu wanaosema jambo likiwa bado la moto, na mtu anayemeza maneno yake nilikuwa namshuku tu. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba Damari hakuficha lolote. Alikuwa amefundishwa kunyamaza, na waliomfundisha walimpenda.

Baba yake alikuwa mzee wa kanisa huko milimani Rungwe, mkulima wa ndizi na kahawa. Pale misheni bibi mmoja wa Kizungu alimfundisha Damari kupiga kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na alipofika miaka kumi na saba ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo kila Jumapili. Kisha akaolewa na Isakwisa, fundi redio, wakaja Mbeya. Akazaa watoto wawili, wote wakazikwa kabla ya kutembea. Hayo aliniambia mara moja tu, tukichambua mboga, wala hakuyarudia.

Isakwisa alikuwa na mkono wa kufufua vitu. Kanisa lilipopata kinanda kipya, yeye alichukua kile cha zamani ambacho panya walikuwa wamekula mifuko yake ya hewa, akaiziba kwa ngozi ya mbuzi, akampa mkewe. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao, Isakwisa akanunua kwake mashine ya kunasa sauti iliyokuwa imekufa. Ilikaa mezani miezi minne matumbo nje. Siku ilipozungusha utepe wake na kututolea sauti yangu mwenyewe nikiuliza kama kuna chumvi, nilitoka nje nikapiga ishara ya msalaba. Ilikuwa mwaka 1956.

Mwaka huohuo baba yake Isakwisa, Mzee Andendekisye, alifiwa na mke, akaja kuishi kwa mwanawe. Alikuja na blanketi, Biblia, gitaa, na kifua kibovu. Gitaa na kifua vyote viwili alivitoa kwenye migodi ya shaba huko Rhodesia, alikofanya kazi miaka kumi na minne. Kikohozi chake tulikizoea kuliko kengele ya kanisa.

Sasa hapo ndipo penye jambo. Wanyakyusa wana mwiko wao juu ya mkwe. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitamki. Akisikia anapita, anajifunika khanga na kugeukia upande mwingine. Mchungaji alikuwa akihubiri dhidi ya mambo hayo, na Damari alikuwa akisema amina kwa mchungaji, kisha anarudi nyumbani na kujifunika khanga. Hata kwetu Uheheni mkwe anaheshimiwa, lakini yale ya Wanyakyusa mimi niliyaona yamezidi, na nilimwambia.

"Mama Silvester," alinijibu, "kama ni mzigo, nimeuzoea. Usinionee huruma."

Isakwisa akakata nyumba yake vyumba viwili kwa ukuta wa udongo. Mzee upande wa nyuma, na mlango wake mwenyewe unaotazama mgomba. Damari na mumewe upande wa mbele. Nyumba ilikuwa ya nyasi, na Isakwisa alikataa kabisa kuezeka bati ingawa fedha alikuwa nazo, kwa sababu bati, alisema, jua likiwaka linalia na mvua ikinyesha ndiyo usiseme, na mashine ile inasikia kila kitu. Chakula cha mzee nilipeleka mimi. Damari alipika, nikapokea kwenye ua, nikazunguka mpaka mlango wa nyuma. Mzee alikuwa akiniambia, "Ndaga, mama. Mshukuru huyo wa upande wa pili." Nami narudi kwa huyo wa upande wa pili namwambia ameshukuru. Posta ya Serikali haikufanya kazi kama mimi.

Mchana Mzee alikuwa akipiga gitaa lake kitandani, vidole tu, bila kuimba, kwa sababu kuimba kulimwamshia kikohozi. Siku moja, nilikuwa napepeta mahindi barazani, nikasikia anarudiarudia kipande kimoja kifupi, kinapanda kidogo kisha kinakaa. Alipokirudia mara ya sita hivi, kinanda upande wa mbele kikajibu. Kilijibu taratibu, noti chache, halafu kikanyamaza kama mtu aliyejishtukia. Gitaa nalo likanyamaza. Mimi na ungo wangu tukanyamaza. Kisha gitaa likaanza tena, kile kile, na mwishoni likaacha nafasi.

Hivyo ndivyo walivyotunga. Miezi tisa, kila alasiri ambayo kifua cha mzee kiliruhusu, yeye anatoa kipande na Damari anakijibu, wakifika mahali pabaya wanarudi nyuma. Hawakuambiana neno hata moja. Wakikwama kabisa ndipo naitwa mimi.

"Mwambie wa upande wa pili," mzee angesema, "pale anapokimbia asikimbie. Hivi vidole vina miaka sitini."

Nilifikisha. Damari alicheka akiwa amefunika mdomo. Nilikaa karibu naye miaka mingi na sikumbuki kumwona akicheka namna ile kwa jambo lingine. Na mimi, ambaye si mpiga muziki wala mcheza ngoma, nilianza kumaliza kazi zangu mapema ili alasiri inikute barazani. Ule wimbo usio na maneno mzee alikuwa ameupa jina. Aliuita Upande wa Pili.

Isakwisa alipoona umekamilika, akasema lazima unaswe. Kampuni moja ya santuri ya Nairobi ilikuwa imetangaza gazetini kwamba wapiga muziki wa Tanganyika watume sampuli kwenye utepe, na watakaochaguliwa wataitwa wapige vizuri, santuri itolewe. Mwisho wa kupokea ulikuwa mwisho wa mwezi wa Septemba, mwaka 1957. Mzee aliposikia, akasema maneno ambayo sisi sote tulijua yana maana gani kwa mtu mwenye kifua kile: "Ningependa kuusikia kwenye gramafoni, na mimi nikiwa nimekaa kitini tu."

Kwa hiyo nyumba ikageuka studio. Isakwisa alitundika mablanketi na magunia kutani pande zote mbili. Katika ukuta wa katikati akatoboa tundu la ukubwa wa sahani, akaning'iniza maikrofoni ndani yake, na kila upande akaweka pazia, wasionane. Umeme aliutoa kwenye betri ya lori, kupitia kisanduku fulani kilichokuwa kikinguruma bila kukoma; akakizika kisanduku ndani ya mfuko wa pumba, kikatulia. Mashine ilikaa upande wa Damari, naye akafundishwa kuiwasha na kuizima. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa nje penye kona, ninakoona milango yote miwili. Mzee akiwa tayari namwambia Damari. Mzee akikohoa naingia na maji. Aliyekuwa na ruhusa ya kwenda pande zote mbili, mume akiwa kazini, nilikuwa mimi peke yangu.

Na kulikuwa na jogoo wangu. Jogoo yule nilimpa jina la Bwana Shauri, kwa jinsi alivyotembea kama mkuu wa wilaya wa Kizungu. Mara ya kwanza walipojaribu kunasa, wakafika karibu na mwisho, na Bwana Shauri akawika. Ikabidi waanze upya, mzee akachoka, wakaacha. Mara ya pili akawika katikati. Isakwisa alinijia kwa adabu zote akaniomba nimuuze. Nilimwambia jogoo huyu ni wa mbegu, ametoka kwa mama yangu Iringa, kama anataka muziki bila jogoo akajenge mbinguni. Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo kuliko wao.

Jumatatu ya katikati ya Septemba Isakwisa alipanda basi kwenda Iringa kununua valvu za redio za wateja wake, kurudi ni Alhamisi. Alituachia maagizo: betri imejaa, Jumanne mzee akiamka na nguvu, naseni, akirudi yeye autume utepe Ijumaa. Jumatatu hiyohiyo asubuhi, mimi nikiwa sokoni, Damari na mzee walitaka kujaribu. Damari akamkamata Bwana Shauri, akamfunika kwa tenga penye kivuli nyuma ya jiko, akaweka jiwe juu. Wakapiga. Kisha akasahau. Nilirudi saa tisa nikamtafuta jogoo wangu, nikamkuta chini ya tenga siafu wamemmaliza. Macho hayakuwepo.

Nani angenyamaza? Lakini mimi sikuishia kusema. Nilisimama kwenye ua nikamtolea Damari kila neno nililokuwa nimelibana miezi yote ile. Nilimwambia mimi si mjumbe wao, si mtumishi wao, nimechoka kubeba sahani na salamu kati ya watu wawili wazima wanaoogopana kama mtu na chui. Yeye aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mama Silvester. Nimekosa." Akaingia ndani, akatoka na kuku wake wawili, matembe wazuri, amewafunga miguu, akanyoosha mkono. Sikuwapokea.

"Usiniite tena," nikamwambia. "Hata nyumba ikiwaka moto, usiniite."

Jioni mume wangu Liberatus, karani wa bohari, mtu wa amani, aliniambia jogoo ni jogoo tu. Nikamnunia na yeye.

Jumanne niliamka bado nimevimba. Kama saa nne Damari alikuja mpaka kwenye ua. Alisema mzee ameamka vizuri leo, ana nguvu, anataka wanase, na anaomba kama naweza kukaa pale kwenye kona. Nilikuwa nimekaa barazani na ungo wa maharage. Nilimgeuzia mgongo. Alisubiri kidogo. Kisha nikasikia hatua zake zinaondoka.

Nikasikia anagonga ukuta mara tatu, na mzee anajibu mara mbili. Walikuwa wamejipatia ishara bila mimi, na hilo nalo likaniuma. Gitaa likaanza.

Ningependa kusema kwamba nilichukia kuusikia, lakini haikuwa hivyo. Walipiga vizuri kuliko siku zote. Hapakuwa na upepo wala jogoo. Gitaa lilipanda, likakaa, kinanda kikajibu. Wakaenda hivyo mara ya kwanza, mara ya pili, na nikajikuta naokota punje zilezile na kuzirudisha. Mara ya tatu ndipo gitaa hupumzika na kinanda kinapiga peke yake kidogo, kisha gitaa linarudi na wanamaliza pamoja. Kinanda kikapiga peke yake. Kikafika pale pa gitaa kurudi. Gitaa halikurudi. Kinanda kikazunguka, kikapiga tena kipande kilekile, polepole zaidi, kikaacha nafasi. Hakuna. Kikapiga mara nyingine na kuacha nafasi.

Halafu nikasikia anagonga ukuta. Tatu. Kimya. Tatu tena.

"Mama Silvester!"

Aliita kama mtu anayeomba chumvi. Nikasema moyoni, haya, nilikwambiaje jana? Nikachukua punje mbovu nikaitupa.

"Mama Silvester!" Sasa kwa sauti. Nikafikiri, mzee amechoka, anataka maji, na yeye anataka mtumishi wake.

"Mama Silvester!"

Hapo nilijua. Sitajidanganya katika uzee huu. Sauti ile ya tatu haikuwa ya mtu anayetaka maji. Nilijua kuna jambo, na bado nikakaa, kwa sababu nilikuwa nimeshasema asiniite, na nilitaka aone kwamba neno langu ni neno. Mara ya nne jina langu lilitoka limevunjika katikati. Mikono yangu iliendelea kuchagua maharage.

Kisha pakawa kimya, na kimya kile ndicho kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Baadaye nikasikia akimwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Ee Kyala!" na ukelele. Ungo ukaanguka, nikakimbia.

Damari alikuwa amesimama ndani ya chumba cha mzee, hatua mbili kutoka mlangoni, khanga imefunika uso. Gitaa lilikuwa sakafuni. Mzee alilala ubavu karibu na kitanda, blanketi limevutwa mpaka juu ya kichwa. Nilipolifunua bado alikuwa na joto, na damu ilikuwa imetoka kinywani. Alikuwa amekwisha.

"Alikuwa hai," Damari aliniambia, bado amejifunika. "Nilipoingia alikuwa hai. Akaniona. Akavuta blanketi akajifunika uso, nisimwone. Sikujua nisogee au nitoke. Nilisimama tu. Nilisimama tu, Mama Silvester."

Mzee yule alikuwa anakufa, na pumzi yake ya mwisho aliitumia kumsitiri mkwewe. Sisemi kama ningekuja wakati wa kuitwa mara ya kwanza angepona. Kifua kile kilikuwa kimekwisha. Lakini mtu angemshika kichwa. Angekufa mkononi mwa mtu.

Ndugu walikuja kutoka Rungwe siku ya pili, na Isakwisa alirudi Alhamisi akakuta watu wamejaa uani. Baba yake mdogo, Mika, ndiye aliyekuwa msemaji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huzuni na alitaka kujua ilikuwaje, na kadiri alivyouliza ndivyo jambo lilivyozidi kumkalia Damari: ameingia chumba cha mkwe wake, amemwona uso, na mzee amekufa.

"Niliita kwanza," Damari alisema, ameketi chini na wanawake, uso umeinama. "Nilimwita jirani. Mara nyingi."

Mika akanigeukia mimi. Uani palikuwa na watu kama arobaini.

"Wewe mama, alikuita?"

Nikasema, "Mimi nilikuwa mtoni nafua. Nilisikia ukelele nikiwa njiani narudi."

Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa. Damari aliinua macho akanitazama, kisha akayashusha. Alijua nilikuwa barazani. Alinikuta pale mwenyewe, nikampa mgongo. Hakusema. Na mimi ambaye kila siku namlaumu kwa kumeza maneno, siku ile nilimshukuru Mungu kwa kuwa anayameza.

"Kwa hiyo alikuwa mtoni," Mika alisema taratibu. "Wewe ulimwita mtu aliyeko mtoni? Basi hukuita, mwanangu. Uliingia tu. Umeona macho ya mkwe wako yangali wazi, naye amefariki. Unataka sisi tusemeje?"

Hakuwa na mtoto wa kumshikilia pale. Baada ya mazishi wazee waliamua arudi kwa baba yake mpaka watakapoona la kufanya. Wengine walitaja watoto wawili waliokufa, wakaanza kujumlisha.

Isakwisa hakumtetea. Alikuwa kama mtu aliyepigwa nyundo. Utepe ulikuwa bado kwenye mashine, umezunguka mpaka betri ikaisha. Alipoutoa, Damari, ambaye alikuwa ameshafunga furushi lake, alisimama mlangoni akamwambia, "Usikilize kwanza. Nakuomba, kabla hujautuma, usikilize."

"Siwezi," Isakwisa alisema. "Siwezi kusikia mikono ya baba. Yeye alitaka uende, utakwenda."

Aliufunga kwenye karatasi na kamba, akaupeleka posta. Nilikuwepo, nimeleta uji. Nilisikia Damari akisema usikilize, nikaelewa upesi kuliko mumewe kilichokuwa ndani ya utepe ule. Nilisimama na bakuli langu, nikaomba posta iupoteze. Damari akapanda basi la Tukuyu Jumamosi, na kinanda kikabaki kimefunikwa gunia.

Nilikwenda kuungama. Nilimwambia padri nimesema uongo, sikumwambia uongo gani. Akanipa Salamu Maria kumi. Nilizisali zote, zikanitoka kama makapi.

Miezi mitatu ikapita, mvua zikaanza. Jumapili moja kabla ya Krismasi Isakwisa alikuja kwetu akiwa na barua, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulikuwa na nuru. Alikuwa ameifungua lakini alitaka kuisoma mbele ya watu, maana habari ya furaha mtu hasomi peke yake. Liberatus akampa kiti. Nikamimina chai.

Barua iliandikwa kwa Kiswahili, na karani wa kampuni. Isakwisa akasoma kwa sauti: "Tumepokea sampuli yako yenye jina Upande wa Pili. Katika zote tulizoletewa mwaka huu, hii ndiyo iliyotupendeza zaidi. Wapigaji wa gitaa na kinanda tunawakaribisha Nairobi mwezi wa Februari, nauli tutalipa sisi." Akasimama hapo, akafuta macho. "Baba angefurahi," akasema. Kisha akaendelea. "Hasa tumependa mwisho wake, gitaa linaponyamaza na kinanda kinabaki peke yake kinaliita. Wapige vilevile. Baada ya hapo pana kugonga kwa ukuta, na mwanamke anamwita Mama Silvester mara nne, wala haitikiwi. Sehemu hiyo si ya muziki, tumeikata..."

Alisoma mpaka mwisho wa mstari kabla maneno hayajamfikia. Kisha akarudi nyuma, akasoma tena kimoyomoyo, nikaona midomo yake ikifika kwenye jina langu. Liberatus alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Mama Silvester," Isakwisa alisema. "Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na birika mkononi. Nilitaka kusema mtoni. Mto ulikuwa tayari mdomoni.

"Barazani," nikasema. "Nilikuwa nachagua maharage."

Hakunipiga, wala hakunitukana. Alikunja barua akatoka kwenye mvua bila kofia. Liberatus, mtu wa amani, hakusema nami mpaka Krismasi ikapita.

Siku ya pili nilipanda basi moja na Isakwisa kwenda Rungwe, yeye mbele, mimi nyuma. Mbele ya Mika na wazee nilisema yote, jogoo, ungo, mara nne. Hawakuamini upesi, waliuliza kwa nini mtu akae anaitwa hivyo asiitike, na sikuwa na jibu zuri kuliko hasira. Barua ndiyo iliyowashinda. Mika aliinuka akaenda mwenyewe kwa Eliezeri kumwomba radhi binti yake.

Damari alirudi. Nairobi hawakwenda, nani angekwenda kupiga gitaa? Isakwisa aliwaandikia ukweli, nao wakarudisha utepe na barua ya pole. Aliusikiliza peke yake, mlango umefungwa. Ulikuwa umekatwa na kuunganishwa kwa gundi, unaishia kinanda kinapoacha nafasi. Santuri haikutoka kamwe. Kinanda Damari alikigawa kwa shule ya misheni, nacho sikukisikia tena.

Nilikwenda kwake kumwomba msamaha na nilipiga magoti. Aliniinua. "Yameisha, mama," alisema, "na mimi nilikuulia jogoo." Hilo la jogoo liliniumiza kuliko kama angenizaba kofi. Tuliishi majirani miaka kumi na tisa baada ya hapo. Alinisalimu kila asubuhi. Nilipougua homa ya matumbo alinipikia uji wiki tatu. Alipozaa binti, Tusajigwe, alinipa nimbebe kabla ya mtu mwingine.

Ila jina langu hakulitaja tena. Akihitaji chumvi, akihitaji moto, hata usiku ule binti yake alipopata degedege, hakuita kutoka kwenye ua kama majirani wote wanavyoitana. Alizunguka mpaka ukuta wa chumba changu, akagonga mara tatu, akasubiri. Nami, popote nilipokuwa, niliitika kabla hajagonga ya pili.